Rangi ya Mlango na Mali ya Yatima

Ndugu msomaji, yako mambo makubwa ambayo kila Mwislamu huyaogopa hata kabla hajafunzwa: kuua nafsi, kula riba, kutoa ushahidi wa uongo mbele ya kadhi. Na yako mambo madogo ambayo hupita mikononi mwetu kila siku, wala hatudhani kuwa yana hesabu yoyote mbele ya Mwenyezi Mungu. Katika hayo madogo ni makisio. Mtu huulizwa, "Saruji mifuko mingapi? Mbao ngapi? Rangi kiasi gani?" naye hujibu kwa mdomo kabla jicho lake halijakitazama sawasawa kitu chenyewe, na kwa neno lile moja fedha hutoka. Ikiwa fedha ni zake, hasara ni yake na lawama ni ya israfu. Lakini ikiwa fedha ni za mtu mwingine, na hasa ikiwa ni za yatima, basi makisio yale yamekuwa sehemu ya amana, na aliyeyatamka ataulizwa.

Jambo hili nataka kulieleza kwa mfano wa kitu kilicho mbele ya kila nyumba, nacho ni mlango wa mbele. Tunajua sote kwamba mwezi wa Shaabani ukiingia, na zaidi Ramadhani inapokaribia kwisha, watu hupenda kuzipamba nyumba zao kwa ajili ya Idi, na mlango ndio wa kwanza kupakwa rangi. Basi huenda maneno haya yakamfaa mwenye kupaka mlango wake, na yakamfaa zaidi mwenye kupaka mlango wa wengine.

Mimi ni wasii wa watoto watatu wa marehemu ndugu yangu. Nyumba waliyoachiwa na baba yao ipo mjini Tanga, wala haiko mbali na bahari. Hiyo ndiyo mali yao kubwa. Vyumba viwili vya mbele vimepangishwa, na kodi yake ndiyo inayowanunulia vitabu na sare za shule. Mlango wa mbele ni wa mbao, wa pande mbili, yaani hufunguka kulia na kushoto. Rangi yake ilikuwa imebabuka kwa jua na kwa upepo wenye chumvi, na chini, pale maji ya mvua yarukiapo, mbao zilikuwa zimeanza kuwa laini. Mlango wa namna hiyo usipotazamwa mwaka huu, mwaka ujao hautataka mpaka rangi bali utataka seremala, na baada ya hapo utataka mlango mpya. Kwa hiyo rangi ile, ijapokuwa ilikuja karibu na Idi, ilikuwa ni katika kuhifadhi mali, na kuhifadhi mali ya yatima ni wajibu wa wasii.

Akaitwa fundi. Ni mtu mwenye kazi nzuri na mkono mwepesi. Alisimama ng'ambo ya njia, akautazama mlango kwa muda wa kumeza mate, akasema, "Galoni moja ya rangi ya chini, na galoni moja ya rangi ya juu." Binti mkubwa wa marehemu, ambaye ana miaka 13 na ndiye nimpaye daftari la hesabu kuliandika, akaniuliza kwa adabu, "Ami, rangi itakayobaki itakuwa ya nani?" Kabla sijajibu, fundi akacheka, akasema, "Mwanangu, masalio ni ya fundi. Ndiyo ada, tangu zamani."

Sipendi mtu afahamu kwamba fundi yule alikuwa mwizi. Alisema kweli: ada hiyo ipo, na wenye nyumba wengi huijua na kuiridhia. Mtu mzima mwenye akili timamu, akinunua kopo kubwa kwa fedha zake, kisha akamwachia fundi kilichobaki, hiyo ni sadaka au ni hidaya, naye atalipwa kwa nia yake. Lakini swali la mtoto lilikuwa limefika mahali ambapo ada haifiki. Rangi ile ingenunuliwa kwa mali ya mayatima, na wanazuoni wetu wamefunza kwamba wasii hana ruhusa ya kutoa zawadi katika mali ya yatima. Hana ila kuitumia kwa maslaha yake. Basi kile ambacho ningeweza kumwachia fundi kwenye mlango wangu kwa moyo mkunjufu, kwenye mlango wa watoto wale sikuwa na mamlaka ya kumwachia hata kijiko.

Tena liko jambo la pili. Ikiwa fundi huyahesabu masalio kuwa ni sehemu ya malipo yake, basi ujira wake haujulikani kiasi chake. Hatujui itabaki lita moja au lita tano. Na sheria yataka ujira ujulikane kabla ya kazi, ili asidhulumiwe mtenda kazi wala mwenye kazi. Kwa hiyo tulikaa tukazungumza, nikamwambia fundi, "Niambie ujira wako wote, usiotegemea kopo, nami nitakulipa huo kwa wazi." Akataja ujira uliozidi kidogo ule wa kwanza, nikauona ni wa haki kwa kazi kama ile, tukakubaliana. Haki ya fundi ilipwe kama ujira na iandikwe katika daftari kama ujira, isifichwe ndani ya rangi.

Baada ya hayo ilibaki kujua mlango wataka rangi kiasi gani. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 6, tumeamrishwa kuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa na kuolewa, ndipo wakabidhiwe mali yao tukiona wana akili ya kuisimamia. Na katika aya hiyo hiyo tumekatazwa kuila mali yao kwa israfu. Nami niliona kwamba hakuna jaribio jema kwa binti yule kuliko kumpa tepu ya kupimia, kalamu na daftari, apime mlango wake mwenyewe. Hesabu yake naiandika hapa kama alivyoifanya, ili vijana wenzake wajue kwamba haihitaji elimu kubwa.

Kila upande wa mlango ulikuwa na urefu wa mita 2.10 na upana wa mita 0.60. Ukizidisha, wapata mita za mraba 1.26, na kwa pande mbili, 2.52. Lakini mlango una uso wa nje na uso wa ndani, kwa hiyo jumla ni 5.04. Wengi huishia hapa, na kuna wanaosahau hata uso wa ndani. Binti akaendelea. Unene wa mbao ni sentimita 4, na ukizunguka kingo zote za upande mmoja wapata mita 5.40, kwa pande mbili kingo hizo zatoa mita za mraba 0.43. Mlango wenyewe ni wa paneli, una mitaro na mabonde ambayo tepu haiyafuati; kwa hayo aliongeza sehemu moja katika kumi ya nyuso, yaani 0.50. Kisha fremu: miimo miwili ya mita 2.10 kila mmoja, na kizingiti cha juu mita 1.20, jumla mita 5.40, na upana wa sehemu yake ipakwayo, ukizungusha tepu kutoka nje hadi ndani, ni sentimita 25. Hiyo ni mita za mraba 1.35. Akajumlisha yote, akapata 7.32.

Hapo ndipo hesabu ya rangi yenyewe huanza. Makopo mengi ya rangi huandikwa ubavuni lita moja yaenea mita za mraba ngapi. Rangi nzuri ya mafuta, juu ya mbao iliyolainishwa, huenea kiasi cha mita 12 kwa lita, pengine zaidi; lakini juu ya mbao iliyo wazi, ambayo hunywa, yafaa kuhesabu mita 10. Rangi ya chini, ambayo hupakwa mara moja, 7.32 kwa 10 ni lita 0.73. Rangi ya juu, 7.32 kwa 12 ni lita 0.61, na kwa kuwa hupakwa mara mbili ni lita 1.22. Juu ya kila moja tuliongeza sehemu moja katika kumi, kwa ajili ya ile ishikwayo na brashi na ile idondokayo. Rangi ya chini ikawa lita 0.81, na rangi ya juu lita 1.34. Kwa vile dukani rangi huuzwa kwa kopo, tukaandika: kopo la lita moja la rangi ya chini, kopo la lita moja na kopo la nusu lita la rangi ya juu. Jumla lita 2 na nusu.

Sasa tazama, ndugu msomaji. Lile kopo ambalo wengi tungali tukiliita galoni lina lita 4, ingawa galoni ya Kiingereza, ambayo jina lake limebaki, ilikuwa na lita 4 na nusu na zaidi kidogo. Galoni mbili ni lita 8. Mlango ulihitaji lita 2 na nusu. Lita 5 na nusu zilizosalia zingelipwa na watoto watatu wasio na baba, wala kusingekuwa na mtu wa kuona kwamba amefanya ubaya. Mwuza duka angefurahi, fundi angefuata ada yake, wasii angepumzika asipime. Namna hii ndiyo mali ya yatima huliwa katika nyumba za watu wema: sehemu kubwa yake haiporwi, huyeyuka tu.

Huenda msomaji akasema: "Lakini kopo kubwa ni rahisi zaidi kwa lita." Ni kweli, mara nyingi ni rahisi; lakini urahisi huo ni wa mwenye kuitumia rangi yote. Kama nyumba ile ingekuwa na madirisha ya kupakwa rangi hiyo hiyo, tungeyapima nayo, tukayajumlisha, na pengine kopo la lita 4 ndilo lingekuwa la haki. Rangi isiyo na kazi si akiba. Kopo likishafunguliwa, hewa huingia, utando huganda juu, na baada ya muda kilichomo ni cha kutupwa.

Na mwingine atasema: "Basi tununue kidogo kabisa, ili wasii aonekane mwenye kubana matumizi." Hili nalo ni kosa, na madhara yake ni makubwa. Rangi ikiisha kabla ya kazi, utarudi dukani, na ikiwa rangi ile ilichanganywa kwa ajili yako, kopo la pili huweza kutofautiana na la kwanza, ukapata mlango wenye upande mmoja mweusi kuliko mwenzake. Au fundi, kwa kuogopa upungufu, ataizimua rangi kwa tapentaini kupita kiasi, au ataipaka nyembamba, nayo haitamaliza masika mawili. Tena ukitaka kufunika rangi ya giza kwa rangi nyeupe, mara mbili huenda zisitoshe, nawe yakupasa kuihesabu mara ya tatu tangu mwanzo. Katika Sura Al-Furqaan, aya ya 67, waja wema wa Mwenyezi Mungu wanasifiwa kwa kuwa kati ya israfu na ubahili katika kutoa kwao. Watu wengi hudhani kati ni jambo la moyo tu. Nami naona kwamba katika mlango, kati hupatikana kwa tepu.

Jambo hili lina asili ya zamani katika dini yetu. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba zilipoteremka aya za kuonya juu ya mali ya mayatima, watu waliokuwa na mayatima majumbani mwao waliingiwa na hofu kubwa, wakatenga chakula cha yatima mbali na chakula chao. Yatima asipokimaliza, kilichobaki huwekwa mpaka akile au kiharibike. Jambo hili likawa zito kwao, wakamwendea Mtume (S.A.W.), ndipo ikateremka aya ya 220 ya Sura Al-Baqara, ambayo yafundisha kwamba kuwatengenezea mayatima mambo yao ndiyo kheri, na kwamba hapana ubaya kuchanganyika nao, kwani Mwenyezi Mungu amjua mharibifu na mtengenezaji. Mimi kila nikikumbuka habari hii hukiona chakula kile kikiharibika pembeni kwa sababu ya ucha Mungu usio na hesabu. Masahaba wale hawakuiba, walikuwa wakiogopa. Lakini hofu yao, bila ya kutazama maslaha, ilimpotezea yatima chakula chake. Basi kununua kingi kwa hofu ya kupungukiwa, na kununua kichache kwa hofu ya lawama, vyote viwili vyaweza kuwa raha ya nafsi ya wasii, ambayo huigharimia kwa mfuko wa mtoto.

Tena iko sehemu ya mlango ambayo hufunza amana kuliko zote, nayo ni ukingo wa chini. Haionekani na mpita njia wala na mwenye nyumba, na ili kuipaka sharti mlango ung'olewe bawaba zake. Kwa sababu hiyo huachwa. Na hapo ndipo mbao hunywa maji kwa wingi, kwa kuwa vinyweleo vyake vimekatwa na viko wazi, na kuoza hupanda kutoka huko. Fundi wetu, nasema kwa kumshukuru, aliposikia kwamba kingo zote zimo katika hesabu, aling'oa pande zote mbili bila ya kunung'unika, akapaka chini kwanza. Asiyeihesabu sehemu isiyoonekana katika makisio hataipaka katika kazi.

Na kabla ya kupaka kulikuwa na kukwangua, na hapa nawaonya wenye watoto. Rangi za zamani huenda zikawa na risasi ndani yake, na vumbi lake, likiingia kinywani mwa mtoto, hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kwa hiyo rangi kuukuu isisuguliwe kavu. Tuliilowesha kwa maji, tukaisugua kwa msasa ufaao kutumiwa na maji, watoto wakakaa nyumba ya pili, na takataka zikakusanywa juu ya turubai zikafungwa, zisifagiliwe uani wanapocheza. Kadhalika tulipokwenda dukani tulichagua rangi iliyoandikwa kwamba haina risasi. Haifai kuuhifadhi mlango wa yatima kwa kumdhuru yatima mwenyewe.

Kazi ilichukua siku tatu, kwa kuwa rangi ya mafuta yataka kama siku moja kukauka kabla ya kupakwa tena. Ilipokwisha, rangi ya juu ilibaki kidogo, kama robo ya lita. Binti akaimimina katika chupa ndogo ili hewa isipate nafasi, akaifunga, akaandika juu yake tarehe, na katika daftari akaandika ilipo. Hiyo ni ya kuziba mikwaruzo, nayo ni mali yao. Risiti za duka na ujira wa fundi vimo ukurasa huo huo, na mama yao na jirani mmoja waliuona ukurasa. Aya ile ya Sura An-Nisaa yamalizikia kwa kuamrisha mashahidi siku ya kukabidhi mali. Na mwenye kutaka siku hiyo iwe nyepesi na aanze kuandika tangu siku ya kopo la kwanza.

Ndugu Waislamu, katika Sura Al-Israa, aya ya 34 yatukataza kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora, na aya inayoifuata papo hapo, ya 35, yatuamrisha kutimiza vipimo na kupima kwa mizani iliyo sawa. Mimi sidai kueleza hekima yote ya kuzifuatanisha. Lakini mtu yeyote aliyewahi kushika fedha za yatima ajua kwamba hizo mbili ni ndugu. Huwezi kuilinda mali usiyoipima. Na Mtume wetu (S.A.W.), ambaye mwenyewe alilelewa yatima, alibainisha ukaribu wake Peponi na mlezi wa yatima kwa kuonyesha vidole vyake viwili. Daraja kubwa kama hiyo haikuwekwa kwa kazi nyepesi. Wala kazi yenyewe haiko mbali nasi, iko mlangoni.

Enyi vijana, hesabu mnayofunzwa shuleni msiiache shuleni. Wazee wenu wakiulizwa kiasi gani, nendeni mkapime kwa niaba yao. Nanyi mlio walezi wa mayatima, wasimamizi wa wakfu, waweka hazina wa msikiti na madrasa, msione haya kumwambia fundi, "Ngoja kwanza tupime." Fundi mwema hatachukia, na mwenye kuchukia amekwisha kukuonyesha jambo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia wakatuachia watoto wao, atusaidie kuitimiza amana yao katika makubwa na madogo, na atufanye miongoni mwa watengenezaji, asitufanye miongoni mwa waharibifu. Amin.